Seva Isiyojibu

Niliripoti kazini Dodoma katika miaka ile ya soko huria, wakati maduka yalikuwa yamejaa redio na sabuni za kila rangi huku ofisi za serikali zikipunguza watu. Mara kwa mara mtu aliyetumikia tangu ujana wake aliitwa chumba cha utumishi, akarudi kimya, akaanza kukusanya vikombe vyake vya chai. Mimi nilikuwa binti kutoka Tanga, cheti changu cha kompyuta bado kinanuka wino, nikiingia kwa mlango uleule ambao wengine walikuwa wanatokea. Nilitegemea kuchukiwa. Sikuchukiwa, na hilo ndilo jambo la kwanza ninalolishukuru.

Ofisi yetu ilikuwa ya kutafuta maji ya ardhini katika nyanda za kati. Wapimaji walikwenda vijijini na vifaa vyao, wakapima miamba, wakarudi na namba. Wachora ramani wakazigeuza zile namba kuwa ramani. Wachimbaji wakaichukua ramani na kwenda kutoboa kisima mahali palipoonyeshwa. Kwa miaka mingi ramani hizo zilichorwa kwa kalamu ya wino. Kisha wafadhili wakaleta kompyuta, na pamoja na kompyuta akaja mtaalamu mgeni wa kuziendesha, na chini ya mtaalamu nikaajiriwa mimi.

Tulikuwa na majengo mawili. La mbele lilikuwa la wakubwa, na humo ndimo ilimokaa seva, ile kompyuta kuu iliyotunza kazi za wote, kwa sababu ndimo kilimokuwa kiyoyozi pekee. La nyuma lilikuwa la wachora ramani, mashine ya kuchapia ramani, na redio ya kuongea na kambi za uchimbaji. Katikati ulikuwa uwanja wa vumbi jekundu na mabomba ya kuchimbia yaliyolazwa juani, ya moto kiasi kwamba mtu akiyagusa mchana alikumbuka siku nzima. Chini ya vumbi hilo ulipita waya ulioziunganisha kompyuta za nyuma na seva ya mbele.

Ramani zote zilikaa kwenye seva. Mtaalamu alikuwa ameipachika folda ya seva katika kila kompyuta, maana yake mchora ramani aliifungua kama vile iko ndani ya mashine yake mwenyewe, bila kujua kwamba kila anachokigusa kinasafiri chini ya uwanja na kurudi. Ilikuwa kazi nzuri. Nilimheshimu sana mtu yule. Mkataba wa mradi ulipokwisha alinipa mkono, akaniachia vitabu vinene vya mfumo wa zile kompyuta juu ya meza yangu, akasema, "Utaweza tu." Akapanda gari la kwenda uwanja wa ndege.

Nilibaki peke yangu na zile kompyuta, na mama mmoja.

Alikuwa mchora ramani mkongwe kuliko wote katika jengo la nyuma, Mgogo wa upande wa Hombolo, mwanamke mrefu aliyevaa sweta hata kwenye jua kwa sababu, alivyosema, upepo wa Dodoma haumwonei mtu haya. Alikuwa amechora visima vya mkoa mzima kwa mkono wake. Kompyuta zilipokuja, wenzake wawili wa rika lake waliomba kustaafu mapema. Yeye alivuta kiti, akakaa mbele ya ile meza ya kunakili ramani kwa kompyuta, akaanza kujifunza kufuata mistari kwa kile kidude cha mkononi badala ya kalamu. Nilipoingia kwa mara ya kwanza na kumwambia, "Shikamoo, mama," alijibu, "Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye daktari wa hizi mashine?" Nikasema ndiyo, kwa sauti ya mtu asiye na uhakika. Akaniambia nikae, nile kwanza.

Tatizo lilianza mvua zilipoanza. Asubuhi moja nilikuwa mezani kwangu nikamsikia akiniita.

"Mwanangu, njoo uone. Imeganda."

Kweli ilikuwa imeganda. Mistari ya mwinuko aliyokuwa akiinakili tangu asubuhi ilikuwa pale kwenye skrini, lakini mashine haikusikia kitufe wala kidude. Nilikwenda kwenye kompyuta ya jirani yake: nayo vilevile. Ya tatu, vilevile. Nikarudi kwangu, nikaandika amri fupi ambayo kila mtu wa kazi yetu huiandika bila kufikiri, ile ya kuuliza diski zimebakiwa na nafasi kiasi gani. Nikabonyeza, nikasubiri. Haikurudi. Sasa na yangu ilikuwa imeganda. Nikajaribu kuiua ile amri niliyoituma, ikakataa kufa.

Nilifanya nilichojua wakati ule. Nilizima mashine ya mama na kuiwasha upya. Kazi yake ya asubuhi ikapotea, na mashine ilipokuwa inaamka ikaanza kuitafuta seva, ikakwama tena njiani. Ikafika saa za mchana tukiwa tumekaa safu nzima mbele ya skrini za kijivu, tunamenya karanga. Hakuna aliyenilaumu kwa mdomo. Mama aliniuliza tu, "Inauma?" Nikasema inauma. Akasema, "Hata mimi."

Nilivuka uwanja kwenda jengo la mbele. Mkuu wa ofisi, mhandisi wa maji mwenye mvi na upole mwingi, alikuwa ameketi mlango wazi ili apate mwanga. Kiyoyozi kilikuwa kimya.

"Mkuu, umeme hakuna huku?"

"Tangu asubuhi. Kwani kwenu upo?"

"Upo."

Akacheka kwa kuchoka. "Basi ni fezi moja imekatika. Sisi tuko gizani, ninyi mna sikukuu."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Majengo yetu mawili yalikula umeme wa fezi tofauti, kila moja na waya wake kutoka kwenye nguzo. Mvua ilipoleta hitilafu, moja ilikatika na nyingine ikabaki. Betri ya akiba ya seva ilikuwa imekufa zamani, na mjini hapakuwa na duka lililouza betri za namna ile. Kwa hiyo seva ilizimika, huku kompyuta zetu zikiwa hai, zikiendelea kuisubiri. Na namna folda ilivyopachikwa, ziliambiwa zisubiri bila kikomo. Mtaalamu alifanya hivyo kwa nia njema, ili mtu asipoteze alichokuwa anakiandika wakati seva ikipumzika kidogo. Hakufikiria seva inayopumzika tangu asubuhi hadi jioni.

Umeme uliporudi, balaa halikwisha. Baadhi ya mashine ziliamka, nyingine zikatoa maneno ya Kiingereza kwenye skrini. Mama aliyasoma kwa kidole.

"Hii inasemaje?"

Nilitafuta namna ya kulisema. "Inasema kishikio cha faili kimechacha. Kompyuta ilikuwa imeshika faili kwa mpini wake wa zamani, seva ilipozaliwa upya mpini ule haiutambui tena."

"Kimechacha? Kama uji wa jana?"

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa sweta, na jengo zima likacheka naye. Tangu siku ile hakuna aliyesema kompyuta imeharibika. Walisema imechacha, wakaniita.

Lakini si wote walikuwa wanacheka. Mvua ziliendelea na fezi ziliendelea kukatika, na ramani za msimu wa uchimbaji zilikuwa hazijakamilika. Ukafanyika mkutano katika chumba cha mkuu. Nilikaa karibu na mlango. Ofisa mmoja wa mipango alisema kwa adabu kwamba pengine kompyuta zilikuja kabla ya wakati wake, kwamba kalamu haijawahi kuganda, na kwamba ofisi isiyotoa ramani ni rahisi sana kupunguzwa watu. Niliangalia viatu vyangu.

Mama wa ramani aliomba kuongea.

"Mkuu, anayepoteza kazi mashine zikiganda ni mimi," alisema. "Ninanakili asubuhi, inapotea mchana, ninaanza upya. Kama kuna mtu wa kuomba kalamu irudi, ni mimi, na mimi sijaiomba. Kuna ramani niliyoinakili wiki ile, mpimaji akaleta namba mpya, nikairekebisha nikiwa nakunywa chai. Zamani ningechora karatasi nzima upya. Mwacheni huyu mtoto afanye kazi yake. Mimi nitakaa naye."

Mkuu alinitazama. "Binti, mitambo ya kuchimba inatoka barabara zikikauka. Mpaka hapo utakuwa umepata dawa?"

"Nitajaribu, mkuu."

"Jaribu kweli," alisema, na mkutano ukahamia mambo ya matairi.

Sijui kama mama alijua uzito wa alichonifanyia. Alikuwa karibu na kustaafu. Kama mambo yangeharibika, jina lake lingekuwa limeshikana na langu. Nikiwa nimepanga chumba mtaa wa Kikuyu, nilitembea kurudi nyumbani jioni ile nikiwa na furaha na hofu kwa kiasi kilekile.

Alitimiza neno lake la kukaa nami. Kila siku saa nne, chai ya rangi na chapati zilipoletwa, alivuta kiti mpaka mezani kwangu na kusema, "Haya, nieleze. Ulifika wapi?" Na mimi ilinibidi nieleze kwa Kiswahili. Vitabu vyote vilikuwa vya Kiingereza, na kwa Kiingereza nilikuwa na tabia ya kuruka juu ya maneno nisiyoyaelewa kana kwamba nayaelewa. Kwa Kiswahili sikuweza. Nikisema jambo lisilokaa sawa, yeye alikunja uso, nami nikasikia mwenyewe kwamba halikukaa sawa.

Siku moja nilikuwa namweleza kwa nini hata amri yangu ya kuuliza tu nayo iliganda. "Ile amri inapita kwenye kila folda, mama. Ikifika kwenye ile ya seva, inaingia kuuliza. Seva haijibu, na yenyewe haiwezi kutoka. Ndiyo maana siwezi hata kujua kuna tatizo bila mimi mwenyewe kunaswa, labda kama ningeuliza kwanza kwa mbali kabla sijagusa ile folda..."

Nikaweka kikombe chini.

"Endelea," alisema.

"Kuna amri ya kuuliza kwa mbali. Inaiita seva kwa jina na kusikiliza kama inaitika. Haigusi folda kabisa."

"Sasa kwa nini unaninywea chai? Kaandike."

Nikaandika skripti yangu ya kwanza ya maana. Skripti ni amri za kawaida zilizopangwa mstari kwa mstari, ili mashine izifuate yenyewe. Yangu iliiita seva kwanza. Isipoitika, ikaandika onyo kwenye skrini. Ikiitika, ikaingia kwenye folda kuhakikisha mambo ni mazuri. Nikaiagiza mashine iiendeshe kila baada ya dakika chache. Nilienda kulala nikijiona mhandisi.

Kesho yake kompyuta zilikuwa zinatambaa. Herufi moja ilichukua muda kutokea. Nilipoorodhesha kazi zinazoendelea ndani ya mashine, nilikuta skripti yangu imejirudia, nakala juu ya nakala, zote zimekwama. Nilikuja kutambua kwamba seva inaweza kuitika jina lake huku ile huduma yake ya mafaili imelala. Skripti ya kwanza iliita, ikaitikiwa, ikaingia kwenye folda, ikanasa. Dakika zikapita, mashine ikatuma nyingine, nayo ikanasa, na nyingine, na nyingine.

Nilimweleza mama nikiwa karibu kulia.

"Kwa hiyo umetuma watu wakamtafute aliyepotea, na wao wamepotea."

"Ndiyo hivyo, mama."

"Basi usiende mwenyewe. Tuma mmoja, wewe baki nje."

Alisema kwa utani, akarudi kwenye ramani yake. Mimi nilirudi kwenye vitabu, na safari hii nilijua ninachokitafuta. Ilinichukua siku kadhaa za kujaribu na kufuta. Skripti ilianza kwa kuiita seva. Ikiitikiwa, haikuingia kwenye folda yenyewe. Ilizaa kazi ndogo pembeni na kuituma ikaangalie, yenyewe ikabaki nje ikihesabu sekunde. Kazi ndogo ikirudi salama, vizuri. Isiporudi kwa wakati, skripti haikuifuata. Iliacha alama kwamba mmoja tayari amekwama, ili asitumwe mwingine mpaka hali ibadilike, kisha ikajaribu kuibandua ile folda kwa nguvu. Kama kulikuwa na programu iliyoishikilia, ilitaja ni ipi, na mimi nikaja kuifunga. Kuna nyakati hakuna kilichosaidia zaidi ya kuzima na kuwasha, lakini sasa ilikuwa mashine moja, na tulijua ni ipi na kwa nini.

Bado lilibaki tatizo la kazi ya mtu kupotea. Kujua kwamba seva imekufa hakukumsaidia aliyekuwa na ramani yake ndani ya seva hiyo. Nikaandika skripti nyingine: asubuhi, seva ikiwa hai, inakili ramani anazozishughulikia kila mchoraji kwenye diski ya mashine yake mwenyewe, afanyie kazi hapo, kisha seva ikionekana nzima, ipeleke kule kilichobadilika. Kilichonitia hofu ni watu wawili kuibadilisha ramani moja, kila mmoja na nakala yake. Nilipolieleza hilo, wachoraji walinishangaa. Mmoja akasema, "Kwani zamani tulikuwa tunachora wawili kwenye karatasi moja? Aliyeichukua kabatini ndiye anayeigusa mpaka airudishe." Utaratibu walikuwa nao tangu enzi za wino. Niliuweka tu ndani ya skripti.

Kitu cha mwisho kilikuwa lile onyo la kwenye skrini. Mimi nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: SEVA HAIPATIKANI. Mama aliliona, akatikisa kichwa.

"Hili linatisha. Mtu akilisoma atasimama, ataanza kuzungukazunguka. Andika hivi: Seva imenyamaza. Kazi yako ipo hapahapa, endelea."

Niliandika kama alivyosema, herufi ndogo.

Barabara zikakauka. Mtambo wa kuchimba uliondoka na malori yake kuelekea upande wa Kondoa, kwenye kijiji kimoja kilichoegemea mlima, mbali na lami. Huko kiangazi wanawake walichimba mchanga wa korongo lililokauka, wakasubiri maji yajikusanye shimoni, wakayachota kwa kikombe. Wapimaji walikuwa wamepita kabla ya mvua, wakapigilia vigingi mahali pa kutoboa.

Nilikuwa karibu na redio sauti ya msimamizi wa mtambo ilipoingia, ikiwa na mikwaruzo mingi.

"Ofisi, ofisi, mnanipata? Tumefika kijijini. Vigingi hakuna. Narudia, vigingi hakuna, vyote viling'olewa, nadhani vimekwisha kuwa kuni. Hatujui tunatoboa wapi. Tunaomba vipimo vya ramani. Ova."

Mkuu alikuwa jengo la mbele. Alisikia habari, akavuka uwanja mbiombio, tai begani. Alipofika mlangoni alikuwa anahema.

"Fezi yetu imekatika tangu alfajiri," aliniambia. "Seva imezima. Ramani ile si iko humo?"

Nilikuwa namwangalia mama. Alikuwa kwenye kiti chake, sweta mwilini, na kwenye ukingo wa skrini yake yalikuwepo maneno yale madogo: Seva imenyamaza. Kazi yako ipo hapahapa, endelea. Yeye alikuwa anaendelea. Aligeuka taratibu.

"Ramani ya kile kijiji, mkuu? Hii hapa. Niliimaliza jana."

Mkuu alivuta kiti akakaa bila kualikwa. Sijawahi kuona mtu mzima akikaa kwa shukrani namna ile. Mama akasogea mpaka kwenye redio, mimi nikaikuza ramani kwenye skrini na kumsomea, naye akatuma.

"Kambi, mnanipata? Simameni kwenye kona ya shule, ile inayotazama mlima. Umeshapata kona? Ova."

"Nimeipata, mama. Ova."

"Fuata njia ya ng'ombe mpaka inapokata korongo dogo. Hapo utaona jiwe jeupe kubwa. Ova."

Mikwaruzo. Kisha: "Jiwe lipo! Ova."

Alimpa vipimo kutoka kwenye jiwe, akamfanya avirudie, akamsahihisha kimoja, akamfanya avirudie tena. Kisha akampa vya pointi ya pili, endapo ya kwanza ingekataa. Alipozima kipaza sauti, mkuu alisimama, akampa mkono mama, akanipa na mimi. Hakuhutubia. Alisema, "Ahsanteni. Ahsanteni sana," na akarudi jengoni kwake kwenye giza.

Pointi ya kwanza ilikuwa kavu. Waliteremka mpaka wakagonga mwamba mgumu wasioweza kuupita, na siku ile tulipopata habari jengo letu lilikosa raha. Ya pili ilitoa maji. Yalikuwa na chumvichumvi kidogo, kama maji mengi ya nyanda zetu, lakini yalifaa kunywa na hayakuonyesha dalili ya kukatika.

Pampu ilipofungwa, mkuu aliamuru mimi na mama tupelekwe kuona. Sikuwa nimewahi kuona kisima hata kimoja kati ya vile vilivyopita kwenye waya zangu. Barabara ilipanda na kukunja, na udongo ukabadilika kutoka mwekundu hadi mweupe na kurudi mwekundu. Tulipofika tulikuta foleni ya ndoo, na watoto wakigombania kuning'inia kwenye mpini wa pampu. Bibi mmoja, Mrangi, Kiswahili chake kidogo, alikuja kutusalimia. Tulimwamkia. Msimamizi wa mtambo akamwambia kwamba hawa ndio wa ramani.

Mama alinisukuma mbele. "Huyu ndiye aliyezuia ramani isipotee," alisema polepole.

Bibi hakuelewa, nadhani, ramani ilipotelea wapi na ilizuiwaje. Hata mimi nisingeweza kumweleza pale, kwenye jua lile, habari za folda na seva na kazi ndogo inayotumwa pembeni. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili yenye maji. Akasema, "Ahsante, mwanangu." Kisha akampigia kelele mjukuu wake, kikaletwa kikapu cha karanga mbichi, tukabebeshwa.

Kwenye gari nililia kidogo. Mama alijifanya anaangalia milima.

Awamu nyingine ya kupunguza watu ilikuja mwaka ule. Iliwapitia baadhi ya madereva na wapishi wa kambi, watu wazuri ambao hawakuwa na kosa lolote, na sikuona fahari kubaki. Sidai kwamba skripti zangu ziliokoa kiti cha mtu. Ninachojua ni kwamba chumba cha ramani kilibaki na watu wake wote, na kwamba mama alifanya kazi mpaka umri wake wa kustaafu ulipofika kwa haki, akaagwa kwa soda na keki na hotuba ndefu ya mkuu.

Mimi niliendelea na mashine. Betri mpya ya seva ilikuja kutoka Dar es Salaam, baadaye zikaja kompyuta za aina nyingine, na kila nilipomfundisha mtu mpya nilimwambia anieleze tatizo kwa Kiswahili kwanza. Wengine waliona ni kupoteza muda. Baadaye niliwasikia wakifanya hivyohivyo wao kwa wao.

Mwaka uliofuata baada ya mama kustaafu nilikwenda Hombolo kumtembelea. Nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya bwawa, na nyuma yake alikuwa amepanda mizabibu aliyoifunga kwenye nguzo kwa mistari iliyonyooka kiasi kwamba nilijua mara moja ni mkono wa nani. Alinipokea kwa kelele. Tulikula ugali na mlenda, akaniuliza habari za kila mtu, yupi ameoa, yupi amehamishwa, kifua cha mkuu kinaendeleaje.

"Na wewe?" aliuliza. "Unakula vizuri?"

Nikamwambia nakula vizuri. Nikamwambia pia kwamba nilikuwa nimekuja kumshukuru, kwamba siku ile ya mkutano nilikuwa tayari kuandika barua ya kuacha kazi, na kwamba sikuwahi kumwambia.

"Nilijua," alisema. "Ulikuwa unaangalia viatu."

Kisha akainuka, akachukua kisu na beseni, akaniambia nimfuate kwenye mizabibu kabla jua halijawa kali. Alikata shada baada ya shada na kuniwekea, nami nikashika beseni kwa mikono miwili.

"Shika vizuri," alisema. "Hizo ni zako."